Kolibri Wawili wa Kinsevere

Ni nini kinachotenganisha aina moja ya kolibri na nyingine? Profesa wetu alituachia swali hilo na kutupa wiki moja. Asiyeleta jibu lenye vipimo hafanyi mtihani, na baba alikwisha kuniambia kwamba nikishindwa mwaka huu, narudi nyumbani kuolewa. Katanga ilikuwa imejitangaza nchi. Vitabu vya maktaba vilikuwa ndani ya masanduku, na hakuna aliyejua vinapelekwa wapi. Lakini shangazi yangu, ambaye sote tulimwita Tantine, aliishi Kinsevere, na kolibri, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, walijaa uani kwake.

Jumamosi asubuhi niliondoka Elisabethville kwa lori la makaa lililokuwa likirudi tupu. Kizuizi cha kwanza kiliikubali pasi yangu. Cha pili kiliikataa.

"Hii iko ya nani?" askari aliuliza.

"Ya serikali."

"Serikali gani, mamzele?"

Dereva alimpa sigara, tukapita.

Saa sita mchana nilifika. Nilitaka kuanika kitambaa changu, Tantine akanizuia. Katikati ya kamba ya nguo kilining'inia kiota kidogo kama soksi ya mtoto mchanga, kimeshikizwa kwa utando wa buibui.

"Tunaanika kwa majani mpaka batoto baruke," alisema. Na kweli, mashati na mashuka ya nyumba nzima yalitandazwa juu ya nyasi.

Nilikaa na daftari. Kolibri A: kijani kinachometa, mkanda mwekundu kifuani. Kolibri B: rangi ya vumbi. Vipimo nilikisia kwa macho. Safu zangu mbili zilipendeza.

"Unaandika nini, mwana?"

"Tofauti za aina hizi mbili."

Tantine alicheka hadi akaweka sufuria chini. "Aina gani? Ule njo bwana, huyu njo bibi. Bwana anaimba, bibi anajenga. Shi ni sawa na kwa bantu?"

"Umejuaje? Uliwahi kuwapima?"

"Hata bwana wangu sikumupima, na nilimuzalia batoto sita."

Nilikaribia kumwamini. Jumapili asubuhi, ndege mmoja wa rangi ya vumbi alitua juu ya uzio, akafungua mdomo, akaimba kwa nguvu.

"Tantine, na bibi huyu anayeimba?"

Aliinua kichwa, akamtazama. "Huyu simujue," alisema.

Jumatatu, njia nzima ya kurudi, nilibishana na nafsi yangu. Kama ni mke na mume, sina cha kulinganisha. Kama ni aina mbili, Tantine ameishi nao miaka yote hiyo bila kuwajua. Tulipofika mjini sikuwa na hakika ya lolote, ila kwamba profesa alitaka aina mbili. Nilimpa aina mbili.

Nilifaulu. Tantine alipouliza profesa alisema nini, nilimjibu kwamba profesa alikubaliana naye.

Miaka mingi baadaye, Tantine akiwa ameshafariki, nilisoma kwenye kibandiko cha jumba la makumbusho ugenini kwamba kolibri huishi Amerika tu. Wa kwetu ni ndege aitwaye chozi. Wale wawili walikuwa mume na mke, na yule mwimbaji alikuwa dume changa, bado na rangi ya mama yake.