Butura ya Kura

Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, Mackrine alikuwa akitoa betri kwenye redio yake na kuziweka kando ya figa zipate joto. Alisema betri ni kama wazee, zikipashwa mgongo zinaamka. Kisha huzirudisha, akaitundika redio kwenye tawi la mbuni, akapalilia huku akimjibu mtangazaji. "Hapo umesema," anamwambia. Au, "Mwongo wewe, rudia." Wapita njia wa Nyaishozi walidhani ana mgeni kibanjani. Walipokuja kujua ni redio, wakawa wanamsalimu yeye pamoja na mgeni wake.

Stesheni aliyoipenda ni ile ya Wajerumani inayotangaza kwa Kiswahili. Msimu ule ilikuwa ikisimulia mambo ya kwao ya zamani: jinsi walivyoshindwa vita vya kwanza vya dunia, mfalme wao akakimbia, na watu wakabaki na nchi mikononi hawajui waishike wapi. Wakaamua wajitawale kwa kura.

"Mfalme gani huyo?" aliuliza Nyirabageni, jirani yake, aliyekuja kuazima panga. Wazazi wa Nyirabageni walitoka Rwanda. Yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa, na mibuni yake ilipakana na ya Mackrine.

"Yule wa Wajerumani wa Bukoba. Waliowachapa babu zetu viboko."

"Akakimbilia wapi?"

"Uholanzi."

"Kumbe naye alikuwa mkimbizi," Nyirabageni akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Siku nyingine redio ikaeleza pesa yao ilivyooza. Mtu analipwa asubuhi anakimbia dukani, maana akingoja jioni hapati hata mkate. Noti zilibebwa kwa vikapu. Pesa ikaja kutengemaa, lakini haikupita miaka mingi kazi zikakauka, watu wakakaa vijiweni na njaa. Wakatokea vijana wenye sare, wanapiga watu barabarani huku wakisema wanaleta utulivu. Wakatafuta wa kulaumiwa, wakawapata Wayahudi, majirani zao. Mwisho wake bunge likakaa, wale wa sare wamesimama ukumbini, likapiga kura ya kuyatoa madaraka yake lenyewe. Chama kimoja tu ndicho kilichokataa.

Siku hiyo Mackrine alipalilia sehemu ileile mpaka udongo ukawa unga.

Alikuwa anafikiria chama chao cha msingi cha ushirika wa kahawa. Misimu miwili nyuma wanachama walikuwa wamewaondoa viongozi waliokalia viti mpaka vikachakaa. Haikuwa kazi ya upole, watu walishikana mashati mlangoni mwa ghala. Ndipo wakachagua kwa siri, mara ya kwanza. Kila mtu aliingia nyuma ya kanga iliyotundikwa, akadondosha punje ya buni kwenye ndoo ya anayemtaka. Akachaguliwa Melkiory, mzee wa kanisa, kuwa mwenyekiti, na Mackrine akawa mmoja wa wajumbe wake.

Hawakukaa vizuri, bei ya kahawa ikaanguka. Magunia yakalala ghalani, malipo hayaji. Wenye watoto wa shule wakaanza kuuza butura, yaani kahawa ikiwa bado ua mtini. Unapokea kidogo leo, na mibuni ikiiva mwenye kuvuna ni aliyenunua. Wewe mwenye shamba unabaki kumkaribisha maji. Watu wakaanza kusema wazi kwamba enzi za wale viongozi wezi angalau walilipwa.

Mnunuzi mkubwa wa butura alikuwa Egbert, mwenye malori. Akawavika vijana kofia nyekundu, wakalinda njia za kwenda mpakani kahawa isitoroshwe. Ukiwa na jina la wenyeji kama Rwegoshora, wanakusalimu unapita. Ukiwa na jina kama la Nyirabageni, baiskeli inabaki kwao, na kesho yake sokoni inasemwa wageni ndio waliovunja bei. Sasa Egbert akaleta neno: atalipa magunia yote yaliyolala, ila akabidhiwa chama, pasiwe na mikutano wala uchaguzi mpaka mambo yatulie. Na wale wa kuja watolewe uanachama.

Jioni ya kuamkia mkutano, Melkiory alikuja kwa Mackrine. Alikaa kwenye kigoda, akaikataa chai, akaipokea.

"Ma Mackrine, kesho usiseme kitu. Inua mkono tu, ushushe."

"Na Nyirabageni?"

"Tutamtafutia njia baadaye."

"Baadaye ipi, Ta Melkiory, wakati hakuna mikutano?"

Mzee akageuza kikombe. "Watu wana njaa. Kahawa yako nayo imo mle ghalani. Ukimkasirisha Egbert, utalipwa wa mwisho, au usilipwe kabisa."

"Hilo nalijua."

"Basi?"

"Basi kunywa chai, inapoa."

Mkutano ulifanyika ghalani, watu wameketi juu ya magunia. Safari hii hakukuwa na kanga wala ndoo. Vijana wa kofia nyekundu walijipanga ukutani, wengine mlangoni. Nyirabageni alikaa karibu na Mackrine, na nafasi iliyobaki upande wake wa pili hakuna aliyeijaza. Egbert aliongea vizuri, hata alichekesha. Melkiory, macho yakiwa miguuni, akasema wanaokubali wainue mikono.

Mackrine akasimama kabla mikono haijapanda.

"Nina swali kwa wenzangu," alisema. "Nani humu hajawahi kuuza butura?"

Wengine wakaguna, wengine wakacheka kidogo kwa aibu. Mkono haukuonekana.

"Na nani aliuza halafu akafurahi siku ya kuvuna?"

"Ma Mackrine, tupo kwenye ajenda," akasema Egbert.

"Ndiyo nipo kwenye ajenda, mwanangu. Unanunua kura ikiwa bado ua. Leo tunapokea chetu, tunashiba mwezi mmoja. Siku tutakapoihitaji kura, tutakukuta wewe juu ya mti na kikapu. Wajerumani walifanya hivyo, na walikuwa wamesoma kutuzidi. Waliiuza kwa sababu ya njaa na kwa sababu ya vijana waliosimama hivi, ukutani. Na walianza kwa kumtoa jirani."

"Redio imemharibu mama huyu," mtu akasema kutoka nyuma, na ghala zima likacheka.

"Imenifungua masikio, na wewe uliyejificha huko nyuma nimekutambua kwa sauti," Mackrine akajibu, na sasa wakamcheka yule.

Lakini Melkiory alipouliza tena, mikono ilipanda. Ilianza ya mbele, ikafuata ya nyuma, mwishowe hata ya waliokuwa wamecheka naye. Mackrine aliitazama mikono hiyo mmoja mmoja. Ilikuwa ya watu aliolima nao, aliozika nao. Wengine walimkwepa macho, ila hawakushusha.

"Wanaokataa?" Melkiory aliuliza kwa sauti ya chini.

Mackrine akainua wake juu kabisa, mkono wa kupalilia, mweusi kwenye makunyanzi. Nyirabageni akainua wa kwake.

"Huyo hahesabiwi," akasema Egbert.

"Basi msinihesabu na mimi."

"Ma Mackrine," Melkiory akamwita, "kahawa yako."

"Iko pale. Imeandikwa jina. Atakayeila ajue anakula ya nani."

Akajifunga kitenge vizuri, akamshika Nyirabageni mkono, wakapita katikati ya magunia. Kijana wa mlangoni, ambaye Mackrine alikuwa mama yake wa ubatizo, aliziba njia.

"Mama, kikao hakijaisha."

"Shikamoo yangu iko wapi?"

Kijana akababaika. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea."

Akasogea. Wakatoka kwenye jua, wakaikamata barabara ya kwao bila kuharakisha. Nyuma yao Melkiory alimwita kwa jina, kisha akamwita tena. Mackrine hakugeuka, na ndani ya ghala lile hakukanyaga tena.