Goli Kutoka Katikati ya Uwanja

Wewe ulikuwa wapi siku ya lile goli? Kila mtu wa Kisangani aliyeishi hapa miaka ya vita atakwambia alikuwa uwanjani, hata yule aliyekuwa chini ya kitanda. Mimi nilikuwepo kweli. Chuo kilikuwa kimefungwa, mto pia, hakuna boti iliyopita, na kiungo mmoja wa kawaida tu akafunga kutoka katikati ya uwanja, kisha akakimbia mpaka nje ya geti. Tulisema ni furaha. Kwa goli hilo moja alichukuliwa na karibu timu zote za mji, moja baada ya nyingine, na sisi tukasahau njaa wiki nzima.

Juzi nilimkuta kwenye foleni ya ofisi ya komini, serikali ya mtaa wetu, kichwa cheupe kwa mvi. Karani akasimama.

"Papa, pita mbele! Mutu wa ile goli hapangi foleni."

Mama mmoja akamzuia kwa mkono. "Atapita, lakini kwanza atuambie alipigaka namna gani."

Mzee akatazama viatu vyake, akarudi mahali pake.

"Bon, mama. Nilisikia masasi, bunduki zinalia upande wa daraja. Nikapiga mupira bila kuangalia, nikakimbia. Ile goli, muliniambia kesho yake."