Macho ya Bwana Jiwe

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimwita Bwana Jiwe, kwa kuwa akishakaa kwenye kiti cha mbao katikati ya darasa la kuchora, hata nzi akitua puani mwake hatikisiki. Zamani alikuwa fundi viatu, mpaka vidole vilipokataa kushika sindano. Chuo kikamchukua awe mtu wa kuchorwa. Mwalimu aliupenda uso wake wa mifupa na mabonde. Kivuli kilijua pa kukaa.

Mwalimu huyo alikuwa na sheria moja. Kipindi kikiisha, alipitisha kitambaa.

"Futeni! Unaojifunza ni mkono, si karatasi."

Walinung'unika, mkaa wa kuchorea ukageuka wingu la kijivu, na kesho yake wakachora juu ya wingu lile lile. Bwana Jiwe alicheka kila mara. "Haya, nimeshakufa tena. Tuonane kesho."

Wiki moja hakuonekana. Ijumaa yake akaja mkewe, mwanamke mfupi, kitambaa cheusi kichwani.

"Shikamoo, mama," mwalimu alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Tumemzika juzi. Picha yake nyumbani hamna. Ya kitambulisho imeliwa na maji, na yeye akiona kamera, huyo, keshatoka. Nikasema, huku anachorwa kila siku, hawatakosa moja ya kunipa."

"Pole sana, mama. Alikuwa mtulivu mno."

"Nani, yule? Mtulivu?" Mama alicheka, machozi yakimlengalenga. "Hakai kitako hata chai ipoe! Kumbe utulivu wote alikuwa anawaletea ninyi."

Mwalimu alifungua kabati, akapekua. Wingu. Wingu. Nusu ya sikio. Wingu. Akawageukia wanafunzi.

"Si ulisema tufute, mwalimu?" mmoja akajibu kwa sauti ndogo.

Mwalimu akavuta kiti. "Kaa, mama. Nitamchora sasa hivi."

Alianza na paji la uso. Mkono ulikumbuka kila kitu: shavu lililobonyea, mshipa wa shingo, kola iliyopinda upande mmoja. Ulipofika kwenye macho ukasimama. Miaka yote alimwambia mzee atazame dirishani, na wanafunzi aliwaambia macho yaje mwisho. Na kabla ya huo mwisho, kengele hulia. Yeye mwenyewe hakuwahi kuyatazama. Akamchora anaangalia dirishani.

Mama aliishika karatasi kwa ncha za vidole.

"Ndiye. Ndiye kabisa, na hiyo kola iliyonishinda kunyoosha." Akaisogeza kushoto, kisha kulia, kama anayemvizia mtu anayemkwepa. "Ila mbona hanitazami?"

Mwalimu alitoa kabatini kopo la dawa ya kuzuia mkaa usifutike. Kifuniko kilikuwa bado kimefungwa tangu dukani. Akakifungua, akapulizia ile picha polepole, huku mama akisubiri ikauke.