Programu ya Nkirote Iliyojifunga Mapema

Binti yangu Nkirote hawezi kusikia mtu akilalamika akakaa tu. Ukimwambia mguu unauma, kesho atakutumia dawa ya kuchua hata kama hukumwomba. Anaishi Embu mjini, mtaa wa Dallas, na kazi yake ni kuandika programu za simu. Mimi niko huku Ruiri na ng'ombe wangu, na mvua ikinyesha jioni huwa najiuliza kama amefika nyumbani.

Alitutengenezea sisi wafugaji programu ya kumwita daktari wa mifugo. Daktari Gitari hapokei simu mchana kwa sababu mikono yake huwa ndani ya ng'ombe. Kwa hivyo unapiga picha ya mnyama, unaandika shida, unabonyeza tuma, naye anaiona akishanawa. Mimi nilimwomba Nkirote kitu kimoja tu: isikae wazi ikila chaji, maana nyumba yangu haina stima na chaji naifuata dukani. Akacheka. "Sawa Mama. Ukiiacha, itajifunga yenyewe."

Niliisifu kanisani mpaka jirani yangu Marcella akaiweka kwenye simu yake.

Asubuhi moja ng'ombe wa Marcella, aliyekuwa ametoka kuzaa, alishindwa kusimama. Alilala shingo imepinda, masikio baridi. Marcella hana ng'ombe mwingine. Akaniita, akatuma picha, akatia simu mfukoni mwa aproni, akaenda kumtandikia nyasi kavu. Tukangoja. Jua likapanda, na daktari hakuonekana. Nikatuma picha kwa simu yangu, nikaitia kifuani. Kimya.

"Mama Nkirote, hii kitu ya mtoto wako imelala kama ng'ombe wangu," Marcella akasema. Alikuwa anatania, lakini midomo yake ilikuwa imekauka.

Nikampigia Nkirote.

"Mkishabonyeza tuma, simu mnaiweka wapi?" akaniuliza.

"Mfukoni. Tuishike ya nini na kuna kazi?"

Nikasikia akibonyezabonyeza kompyuta yake.

"Mama, kosa ni langu. Inajifunga ikiona hakuna mtu anayeigusa, na haiangalii kama picha bado inaenda huko nyuma. Hapa Embu picha huenda mara moja, ndiyo maana sikuona. Huko kwenu mtandao ni wa polepole, picha inakatwa njiani."

"Sasa tufanye nini?"

"Tuma tena, na usiiache. Igusaguse mpaka uone alama ya kijani."

Nikapanda mwinuko ulio nyuma ya zizi, penye mtandao kidogo, nikawa napapasa kioo cha simu kwa kidole. Huko chini Marcella alikuwa anamsugua ng'ombe mgongo.

"Inakula?" akaniuliza habari za picha, kama mtu anayelisha ndama.

"Inakula polepole."

Alama ya kijani ikatokea. Gitari alifika na pikipiki, matope hadi magotini, akatafuta mshipa wa shingo na kuingiza dawa taratibu huku akisikiliza moyo. Ng'ombe akatetemeka, akacheua, akainua miguu ya nyuma, kisha ya mbele. Aliposimama, Marcella ndiye aliyeketi chini.

"Ningeipata hiyo picha jioni, ningekuta ngozi," Gitari akasema.

Nilimwambia Nkirote aondoe kabisa huko kujifunga, chaji nitavumilia. Akakataa.

"Itajifunga, Mama, lakini kwanza itauliza kama kuna kazi haijaisha huko nyuma. Ikiwepo, itangoja."

Siku alipomaliza kuitengeneza, alinituma nimpige picha ng'ombe wa Marcella akiwa amesimama, nibonyeze tuma, kisha nisiiguse simu hata kidogo. Yeye angeitazamia kutoka huko Embu. Nikaitia kifuani, nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Mkono wangu ulikuwa unataka kurudi kwa ile simu. Nikaupa panga.

Nilikuwa bado sijafunga mzigo wa kwanza simu ilipolia.

"Imefika, Mama. Nimemwona. Amenona kuliko mimi."

"Kwani wewe leo hujala?" nikamwuliza.