Jeki Iliyogoma Asubuhi

Stoo yetu ilikuwa nyuma ya soko la Karatu, na mwezi wa saba ukungu uliingia hadi ndani. Tulihifadhi ngano na maharage kutoka Mbulumbulu. Mimi nilikuwa karani. Mzee mmoja wa Endamarariek ndiye aliyekabidhiwa jeki ya paleti, yaani toroli lenye vyuma viwili virefu vinavyoingia chini ya paleti. Unapampu mpini juu na chini, oili inasukuma, na magunia yote yananyanyuka kwa pamoja. Jeki ikigoma, magunia yanapanda migongoni mwa watu.

Namshukuru mzee yule kwa mengi, na nianze na madogo. Alinionyesha jinsi nyuzi za viroba zinavyojizungusha kwenye magurudumu ya mbele mpaka yanakataa kuzunguka, na jinsi ya kuzikata kwa wembe kila jioni. Alinikataza kuiacha jeki imebeba mzigo tukienda kula, kwa sababu sili za pampu, ile mipira inayozuia oili isivuje, huchoka kama magoti. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, na sikuwa nimewahi kuona mtu akikitazama kitu kwa utulivu namna ile.

Mwaka ule mahindi yake yalikauka kabla ya kubeba. Nyumba yake ikawa inategemea kazi ya stoo peke yake. Ni mwaka huohuo jeki ilipoanza kugoma, asubuhi baada ya asubuhi.

Jumatatu moja, saa moja asubuhi, lori likiwa mlangoni, mzee alipampu mpaka jasho likamtoka kwenye baridi ile, na vyuma vikabaki sakafuni. Wapakiaji walimcheka.

"Mzee, hiyo ni mtalii," mmoja alisema. "Haitoki kitandani mpaka iletewe kahawa."

"Basi kailetee," mzee alimjibu. "Si wewe ndiye unayejua Kiingereza?"

Walibeba kwa migongo. Malori yakachelewa, madereva wakalalamika kwa mwenye stoo, mama mmoja kutoka Kilimanjaro. Alikuwa pia na duka katikati ya mji, kwa hiyo kwetu alikuwa akifika saa sita mchana. Siku hiyo alikwenda moja kwa moja kwenye jeki, akashika mpini mwenyewe. Jeki ikapanda.

"Mzee wangu, mbona kwangu inapanda?"

"Asubuhi haipandi, mama."

"Chuma kinajua saa?" Hakupandisha sauti. "Tusubiri mpaka Jumamosi. Kama kazi imekuwa nzito kwako, nitatafuta mwingine."

Mzee aliishika jeki akairudisha pembeni. Mimi nilimwamini, lakini imani yangu isingemsaidia Jumamosi. Nikachukua daftari. Kwa siku tatu niliandika saa, na ni mara ngapi alipampu mpaka paleti ikaachana na sakafu. Saa moja: mara arobaini, haikunyanyuka. Saa tatu, baada ya kuisukuma nje ikae juani: mara ishirini na mbili. Saa sita: kumi na moja. Siku ya tatu jioni nilikuwa nyumbani nimeweka chupa ya mafuta ya kupikia kando ya jiko, kwa kuwa yalikuwa yameganda kwa baridi. Yalipoanza kulegea na kumiminika, nilibaki nimeishika ile chupa, nikiiwaza jeki.

Miezi miwili kabla ya hapo, mzee akiwa msibani, niliona oili ya jeki imepungua nikaijaza. Shemeji yangu, dereva wa watalii, alikuwa ameniachia dumu la oili iliyobaki gereji. Niliona oili ni oili. Asubuhi ya Ijumaa nilifungua kifuniko cha pampu nikanusa. Ilikuwa harufu kali, kama ya kiberiti. Ilikuwa oili ya gia, na kwa baridi ile ilikuwa nzito kama asali. Kosa lilikuwa langu, na aliyekuwa anafukuzwa kwa kosa hilo ni yeye.

Nilimwambia yeye kwanza. Alikaa juu ya gunia, akanyoosha mkono nimpe kifuniko, akanusa.

"Binti, wiki zote hizi nilidhani mikono yangu imezeeka."

Nilisema nakwenda kwa mama sasa hivi.

"Utakwenda," alisema. "Kwanza tuitengeneze. Ukienda na kosa peke yake, utarudi nalo."

Tuliilaza jeki ubavu, tukaimwaga oili yote, tukasuuza pampu kwa oili nyepesi ya haidroliki, ile inayostahili pampu kama hiyo, kisha tukaijaza hiyohiyo, vyuma vikiwa chini. Alinifundisha kutoa hewa: unavuta kile kishikio kidogo cha kushushia mzigo, na hukiachii huku unapampu, mara kumi au zaidi. Alinifanya nirudie mpaka akaridhika.

Jioni nilikwenda dukani kwa mama na daftari langu, nikamweleza yote. Alisoma kurasa zile tatu mpaka mwisho. Jumamosi saa moja alikuja stoo amejifunga kitenge mabegani, akasimama kwenye ukungu, akasema, "Mzee, pampu." Mara ya kumi, paleti ikaachana na sakafu.

"Nisamehe, mzee wangu," alisema. "Nilikuwa nimeshaanza kuulizia mtu." Kisha akanigeukia. "Na wewe, kuanzia leo oili haiingii humu mpaka mzee ainuse."

Aliondoka. Wapakiaji wakamzunguka mzee, wakitaka kujua jeki ilikuwa na nini. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, masikio yananiwaka.

"Ilikuwa na baridi," mzee alisema. Akageuza mpini, akamwambia dereva wa lori arudi nyuma kidogo.