Kivuli cha Saa Moja Asubuhi

Nitasema ukweli, maana nimechoka kuupamba: ile friji ya chanjo ya zahanati ya Mitole niliizima mimi. Si mvua, si panya, si shetani. Ni mimi, na simu yangu mkononi.

Kazi yangu ilikuwa kuangalia sola za zahanati za huku kwetu bila kutoka Kilwa Masoko. Tulikuwa tumefunga programu ya akili mnemba. Unaipa vipimo vya umeme wa paneli za zahanati zote, inajifunza siku ya kawaida inafananaje, kisha likitokea la ajabu inakuletea tahadhari kwenye simu. Mambo yakiwa shwari unaona kijani. Basi mimi na kijani kile! Nilikuwa nakionyesha hadi kwa muuza chapati.

Mitole ilinikera. Kila siku, saa moja asubuhi, simu inalia: umeme umeshuka. Baada ya dakika kumi umepanda. Kesho yake tena. Nikafunga safari, nikalala huko, asubuhi nikaenda kuvizia. Nikamkuta bibi, mhudumu wa usafi wa zahanati, ameinama nyuma ya jengo juu ya paneli zilizofungwa karibu na ardhi, ana ndoo na kipande cha kanga kuukuu, anafuta kioo kimoja kimoja. Kumbe hitilafu yenyewe ni kivuli chake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?"

Hakuwa bibi yangu wa damu. Lakini tangu tulipofunga sola zile alikuwa ananiita hivyo, na nikienda haniachi bila muhogo wa kuchemsha na chai. Siku hiyo nao nikaula. Niliposhiba ndipo nikamwambia asiguse tena paneli, anaichanganya mashine.

"Lakini mjukuu wangu, zisipofutwa hizi zinachafuka."

Nami, mdomo bado una chakula chake, nikajibu: "Bibi, hayo tuachie wataalamu."

Ningeweza kuiambia programu kwamba kivuli kile ni mtu anafanya usafi. Ni kubonyeza tu. Lakini nilitaka wiki nzima ya kijani nikamringie bosi. Nikapigilia kibao kwenye nguzo: HAIRUHUSIWI KUGUSA. Bibi akakisoma taratibu, kwa sauti, akachukua ndoo yake akaenda zake. Na ili mashine isinisumbue tena, nikaiweka ijifunze upya kila wiki, kwa vipimo vya Mitole peke yake.

Ukaja msimu wa kupulizia mikorosho. Nani wa huku asiyeijua salfa? Dawa ya ukungu, unga wa njano, watu wanaupuliza alfajiri majani yakiwa na umande, ili ushike. Na zahanati ile imezungukwa na mikorosho pande zote. Unga unaoshika jani ndio huo huo unaoshika kioo. Mimi niliyesomeshwa kwa korosho nilisahau, wallahi nilisahau.

Umeme ukawa unapungua kidogo kidogo, na kila wiki mashine ikajifunza kwamba upungufu ule ndio kawaida. Ikaniletea kijani. Nesi wa zahanati akanipigia: "Bibi anasema sola zimekuwa njano, anaomba ruhusa azifute."

Nikatazama simu. Nikacheka, Mungu anisamehe. "Mwambie bibi apumzike, huku kwangu kuko shwari."

Alipiga mara mbili. Mara zote mbili nilimjibu hivyo hivyo.

Siku ya kliniki nilikuwa Mitole, nimekwenda kubadilisha taa. Nesi akafungua friji, akatazama kipimajoto, akaniita nije nione. Betri ilikuwa imekata tangu jana yake, na betri hatukuwa tumeiunganisha na programu. Tulisema tutaiunganisha baadaye. Chanjo zote zimeharibika. Nje akina mama wamejaa kwenye benchi, wengine wametoka mashambani kwa miguu, watoto mgongoni. Nesi akatoka kuwaambia warudi nyumbani.

"Turudi lini?" mmoja akauliza. Mtoto wake alikuwa mdogo mno, shingo haijakaza bado.

Nikatoa simu mfukoni: kijani. Astaghfirullah, nilitamani kuipiga ukutani. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na ufagio wake, ananitazama. Angenitukana ningepata nafuu.

Kibao nilikibandua mwenyewe kwa mikono. Nikamwendea. "Bibi, nisamehe."

"Nimeshasamehe," akasema, akaenda kuchota maji.

Chanjo nyingine zililetwa, na akina mama wengi walirudi. Yule aliyeuliza lini sikumwona, na mpaka leo naogopa kumuuliza nesi habari zake.

Ule mpango wa kujifunza upya kila wiki nimeufuta. Siku hizi kivuli cha bibi kinailiza simu yangu saa moja asubuhi, nami nimekataa kuinyamazisha. Ikichelewa nashikwa na wasiwasi, nakaa naitazama kama mjinga. Wenzangu ofisini wananitania kwamba nimeolewa na hitilafu. Nawaacha waseme.

Mwezi uliopita nilipita Mitole. Msimu wa salfa ulikuwa umeanza tena, na maji ya ndoo ya bibi yalikuwa ya njano.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mtaalamu," akaitikia kwa upole, wala sikusikia kinyongo chochote ndani yake.

Akakamua kanga, akahamia kioo kinachofuata. Kama nimekula, hakuniuliza.