Mama Nyamaza Anaigawa Maktaba

Saa tatu asubuhi, dirisha la pembeni la maktaba ya mtaa linafunguka kwa kishindo, na sauti ya mwanamke inatoka kabla ya uso wake.

“Wa kwanza asogee! Na mseme kwa nguvu, hizo barakoa zinameza maneno!”

Uani watu wamesimama kila mmoja kwenye duara lake la chaki. Wengine wana mifuko ya plastiki, mmoja ana beseni. Chini ya dirisha kuna ndoo ya maji yenye bomba, na kipande cha sabuni kimefungwa kwa kamba, kwa sababu vile vya mwanzo viliota miguu.

Mwenye sauti ni mhudumu wa maktaba, mama wa makamo aliyevaa koti la buluu lenye mifuko mikubwa. Kwa miaka kumi na tisa amelipwa kuwanyamazisha watu. Watoto walimpachika jina la Mama Nyamaza, likamganda, na leo hata nyumbani kwake hakuna anayemwita vingine. Sasa tangu ugonjwa uingie mjini anashinda akipiga kelele mpaka koo linawasha.

Wa kwanza ni fundi cherehani wa mtaa wa nyuma.

“Mama Nyamaza, ile ya mapenzi imerudi?”

“Imerudi jana. Imelala meza ya Jumanne, iache ipumzike.”

“Ipumzike nini, na mimi silali kwa kutaka kujua kama aliolewa!”

“Aliolewa.”

“We mama! Umeniharibia!”

“Basi hakuolewa. Njoo Ijumaa ujionee mwenyewe.”

Uani wanacheka. Fundi anaondoka akinung'unika, lakini Ijumaa atarudi, na Mama Nyamaza anajua hivyo.

Nyuma yake, ukichungulia, rafu ziko tupu kama kinywa cha kibogoyo. Vitabu havikuibwa wala kuungua. Ni yeye na bosi wake waliozimaliza rafu hizo kwa makusudi, mchana kweupe, na kwa sababu hiyo leo ana barua ya onyo.

Mambo yalianza na tangazo la baraza la mji, lililobandikwa mlangoni wiki ile shule zilipofungwa. Lilisema kuwa kwa ajili ya usalama, msomaji yeyote asiingie maktaba mpaka itakapotangazwa tena. Wahudumu watatu kati ya watano waliambiwa wakae nyumbani bila mshahara. Walibaki mkutubi, ambaye ndiye mkuu wa tawi, na Mama Nyamaza, kwa nusu mshahara. Kazi yao ilikuwa kulinda jengo.

“Tulikaa humo kama watu wanaolinda maiti,” anasema. “Vitabu vinatutazama, sisi tunavitazama. Nje watoto wananing'inia getini wanauliza, ‘Mama Nyamaza, hata kimoja?’ Siku ya tatu nikaona hapana.”

Alimfuata mkutubi, mtu mpole mwenye miwani, anayejulikana kwa kukunja shati mikono kila anapopata wasiwasi.

“Mkutubi, tangazo linasema msomaji asiingie.”

“Ndiyo.”

“Linasema kitabu kisitoke?”

Mkutubi alianza kukunja shati. “Mama, utanifukuzisha kazi.”

“Tukifukuzwa, tutafukuzwa wawili. Utakuwa na mtu wa kupiga naye soga.”

Siku iliyofuata dirisha la chumba cha majarida lilifunguliwa.

Hawakujua walifanyalo, na yeye hafichi. Hofu ilikuwa kubwa, kila mtu alikuwa akipuliza dawa kila mahali, nao wakaona vitabu vinavyorudi lazima vioshwe. Mama Nyamaza alichukua maji ya dawa ya klorini na kitambaa, akavipangusa kimoja kimoja, jalada na kurasa. Jioni vilikuwa vimevimba kama maandazi. Wakafunga kamba uani, wakavining'iniza kwa vibanio vya nguo.

“Watu wakipita wanauliza, ‘Leo mmefua? Hamkutia bluu?’ Nilitamani ardhi ipasuke,” anasema, na kucheka mpaka barakoa inapanda machoni. “Wino ulitoka. Kuna kitabu cha jiografia, milima yote ilihamia baharini.”

Baada ya hasara hiyo mkutubi alipiga simu kwa wenzake wa miji mingine, wakamweleza kuwa kitabu hakihitaji kuoga, kinahitaji kulala. Ndipo chumba cha watoto kikageuzwa karantini. Meza zilipewa majina ya siku. Kitabu kilichorudi Jumatatu kinalazwa meza ya Jumatatu na hakiguswi mpaka siku tatu zipite. Leo mtaani mtu akikawia kulipa deni huambiwa, “Au pesa yako iko meza ya Jumanne?”

Bajeti nayo ilikuwa imenyolewa. Fungu la vitabu vipya baraza lililichukua lote. Mkutubi alisimamisha magazeti, akazima mapangaboi na taa za ukumbi usio na watu, na kilichookolewa kikawa sabuni, mifuko na vocha za simu. Kwa vocha hizo Mama Nyamaza huwapigia wazee wasiotoka ndani, akawauliza wanataka kitabu gani, na jirani akija dirishani huwachukulia.

Nyumbani hakupigiwa makofi. Mumewe ni mpaka rangi, na katika siku hizi za ugonjwa nani anamkaribisha mgeni ndani kwake apake ukuta? Nusu mshahara wa mkewe ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba. Dada wa mume, wanayeishi naye, hakuwa na subira.

“Wifi, hivyo vitabu vinakulipa nusu nyingine?” alikuwa akimuuliza kila jioni. “Unagusa mate ya mji mzima, halafu unakuja kutugusia sufuria.”

“Nanawa, wifi.”

“Unanawa mikono. Akili umeinawa lini?”

Mama Nyamaza alivua viatu mlangoni, akaoga, akabadili nguo, na asubuhi akarudi dirishani.

Kisha akaja afisa wa baraza.

Alikuwa kijana nadhifu mwenye faili kifuani. Alisimama kwenye duara la chaki kama wengine, na hapo Mama Nyamaza anampa haki yake. Alieleza kuwa kila tawi hupewa fedha kwa idadi ya watu wanaopita kwenye kile kichuma cha kuhesabu mlangoni. Kwa miezi minne, kichuma cha tawi hili kilikuwa kimehesabu watu wawili kwa siku.

“Hao wawili ni mimi na mkutubi,” Mama Nyamaza alimwambia.

“Takwimu ndizo hizo, mama.”

“Wengine mliwakataza kuingia. Geuka nyuma yako uwahesabu.”

Afisa aligeuka. Foleni ilimpungia mikono. “Dirisha halina safu kwenye fomu,” alisema, na haikuonekana kama anafurahia kulisema. Uamuzi ulikwisha kufanyika: tawi lifungwe moja kwa moja, jengo likodishwe liwe ghala, vitabu vipelekwe makao makuu. Lori lingekuja Ijumaa. Mkataba wa ghala ungetiwa saini vitabu vikishakabidhiwa.

“Makao makuu yenyewe yana kufuli,” Mama Nyamaza alisema. “Vitabu vikifika huko nani atavisoma? Mende?”

Afisa aliandika kitu kwenye faili, akaaga kwa heshima, akaenda zake.

“Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka,” anasema Mama Nyamaza. “Huyu wetu alitwambia kabisa, na siku akataja. Nikasema asante, angalau tumepewa muda wa kufungasha.”

Mchana ule mkutubi alikaa kwenye kiti chake, mikono ya shati imekunjwa mpaka mabegani. Mama Nyamaza alikuwa amesimama mbele ya ule ubao wa masharti uliotundikwa ukutani tangu zamani. Sharti la nne lilisema msomaji mmoja, vitabu viwili.

“Mkutubi, nani aliamua viwili?”

“Mimi. Mwaka niliohamia hapa.”

“Baraza halikukupangia?”

“Kila mkuu wa tawi anapanga kwake.”

“Basi panga tena.”

Mkutubi aliinuka, akachukua kalamu nene, akafuta “viwili”. “Niandike vingapi?”

“Anavyoweza kubeba.”

Aliandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Mama Nyamaza anasema mwandiko ulitoka mzuri.

Habari ikasambaa. Ili watu wasirundikane, waliita mtaa baada ya mtaa, kila mmoja kwa zamu yake. Watu wakaja na toroli, na ndoo, na mifuko ya unga mitupu. Mama mmoja alimtoa mtoto mgongoni, akampa dada yake ambebe, akafunga mgongoni riwaya. Fundi cherehani alibeba rafu nzima ya mapenzi, akaapa anaichukua kwa niaba ya wateja.

“Lakini andikeni, mimi si mwizi!” Mama Nyamaza anasema kwa ukali. “Kila kitabu kilipigwa mhuri. Kila kitabu kina mtu wake. Tuliazimisha, hatukuiba.”

Ensaiklopidia, ambayo kwa kawaida haitoki nje, iligawiwa safu moja ya nyumba, juzuu moja kila mlango. Tangu hapo mtoto anayetaka kusoma habari za tembo hutumwa kwa kinyozi, na mwenye shida ya nyota huenda kwa mama muuza mkaa. Kinyozi amekwisha soma juzuu lake lote, na sasa wateja wake hawanyolewi bila kwanza kusikia habari za mambo yote yanayoanza na herufi T.

Alhamisi jioni, rafu mbili zikiwa bado zimejaa na watu wamepungua, alitokea mtu getini na karai kichwani. Alikuwa wifi yake.

“Usinitazame hivyo,” alisema. “Nimekuja kuchukua vya mapishi.”

“Vya mapishi vilikwisha jana.”

“Basi nipe vyovyote. Karai haliulizi.” Alirudi mara tatu, na mara ya tatu alikuja na kaka yake, mpaka rangi, akiwa amebeba ngazi yake begani na vitabu vimefungwa juu yake kwa kamba.

Ijumaa lori lilifika. Afisa alishuka na wapakiaji wanne. Mkutubi aliufungua mlango mkubwa wazi kabisa kwa mara ya kwanza tangu tangazo. Wakaingia wote, wakasimama katikati ya ukumbi, na sauti za viatu vyao zikarudi kutoka kila ukuta.

“Vitabu viko wapi?” afisa aliuliza.

“Vinasomwa,” alijibu Mama Nyamaza.

“Vyote?”

“Vyote. Vilivyobaki ni vile nilivyoviogesha, hivyo navyo ni vyako ukivitaka.”

Afisa aliagiza virudishwe mara moja. Mkutubi, ambaye watu wanasema hawajawahi kumsikia akibishana na mtu, alikohoa. Alisema muda wa kuazima ni wiki mbili, na anayetaka kuongeza huongezewa. Alisema vilevile kuwa kitabu kikirudi ni lazima kilale siku tatu kabla ya kuguswa, kwa ajili ya usalama wa vijana hawa wapakiaji. Shati lake, siku hiyo, mikono ilikuwa imeshushwa na vifungo vimefungwa.

Dereva wa lori alichungulia, akapiga mluzi. “Bosi, ndiyo kusema tunarudi mikono mitupu?” Kisha akamnong'oneza Mama Nyamaza, “Na mtu wa mtaa mwingine anaruhusiwa kujiandikisha?”

Lori likaondoka kama lilivyokuja. Bila makabidhiano hakuna saini, na bila saini hakuna ghala. Barua za onyo zilifuata, moja ya mkutubi, moja yake. Baraza limesogeza shauri mpaka kikao cha mwezi ujao, na fungu la tawi limebaki kama lilivyo, dogo, lakini halijafutwa.

Asidhani mtu kuwa ushindi umekamilika. Vitabu vilivyo majumbani vinaliwa na watoto, na kimoja kimeliwa na mbuzi. Kila kinachopotea kitamwangukia mkutubi, ambaye amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Mama Nyamaza mwenyewe ameambiwa kuwa onyo la pili ndilo la mwisho.

“Naogopa, kwa nini nidanganye?” anasema. “Mshahara huu, hata nusu yake, ndio unga wetu. Lakini watu waliokataa kutuhesabu walidhani wakifunga mlango tumekwisha. Mimi nimefunga milango hii jioni kwa miaka kumi na tisa, na asubuhi yake watu wamerudi. Mlango haukuwahi kuwa maktaba.”

Mpango wake anao. Siku ya kikao haendi kulia wala kuomba. Ataipeleka hoja moja: fedha zihesabiwe kwa vitabu vilivyosomwa, sio kwa miguu iliyopita mlangoni. Wasomaji wamekubaliana kuwa siku hiyo kila mmoja atasimama mbele ya nyumba yake, kwenye duara lake la chaki, na vitabu alivyoazima mkononi, mtaa kwa mtaa, kutoka maktaba mpaka ngazi za baraza. Fundi cherehani amekwisha chora duara lake, na ameliwekea nakshi.

Wakikataa je?

Mama Nyamaza anaegemea dirisha. Uani msomaji wa mwisho anapaza sauti kutaja vitabu vyake kumi na mbili, akitaka aongezewe wiki mbili. Anamwongezea vyote, anapiga mhuri, kisha anajibu.

“Wakikataa, waje wavichukue. Lakini waambieni wasije na lori, haliingii vichochoroni. Waje kwa miguu, wabishe hodi nyumba kwa nyumba, na kila mlango wamwambie mwenye nyumba kwa mdomo wao, ‘Lete hicho kitabu, usisome.’ Nataka niwaone wakilisema hilo mpaka mwisho wa mtaa.”